Kuchangisha Fedha za Matibabu ya Saratani Tanzania: Mwongozo Kamili kwa Familia

Michango mingi ya matibabu hukwama kwa njia ileile. Siku majibu ya kinyama (kipande cha nyama kinachokatwa mwilini ili kipimwe) yanapotoka, mtu mmoja katika ukoo anafungua kundi la WhatsApp, anaweka picha ya mgonjwa kitandani, anaandika "tunahitaji milioni 20" na kuweka namba yake ya simu. Wiki ya kwanza pesa zinaingia. Wiki ya tatu kundi limekuwa kimya, mgonjwa amepata dripu mbili kati ya sita za kemo (dawa za kuua seli za saratani), na ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu hakuna anayejua kiasi kilichopatikana.

Watu hawakosi huruma. Wanachokosa ni bili wanayoweza kuisoma, tarehe ya kuilipa na risiti baada ya kulipa. Mwongozo huu umepangwa kwa mfuatano huo, na umeandikwa kwa mgonjwa anayetibiwa Tanzania: Ocean Road, Bugando, KCMC, Muhimbili au hospitali binafsi. Usiruke hatua ya 1 na ya 2 hata kama una haraka, kwa sababu ndizo zinazopunguza kiasi utakachoomba.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuomba shilingi ya kwanza

- Majibu ya kinyama (histolojia) yenye jina la saratani. Kwa saratani ya matiti, pia majibu ya vipokezi, yaani alama za kwenye seli zinazoonyesha dawa itakayofaa: ER, PR na HER2.
- Barua ya rufaa na namba ya jalada ya hospitali.
- Makadirio ya gharama kwa maandishi, yenye muhuri.
- Kitambulisho cha NIDA cha mgonjwa, au namba yake.
- Kadi ya bima kama ipo. Kama haipo, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.
- Daftari moja la kurasa zenye namba, na bahasha ya risiti.
- Laini ya simu, lipa namba au akaunti ya benki ambayo haitatumika kwa jambo lingine lolote.
- Watu watatu wanaoaminika, wasioishi nyumba moja.

Kila karatasi ipige picha na uitume kwa angalau ndugu wawili. Majalada hupotea, na kinyama kilichopotea kinaweza kumrudisha mgonjwa kukatwa upya.

## Hatua ya 1: Pata mpango wa matibabu na bei yake

Usimuulize daktari "itagharimu kiasi gani?" Atakujibu kwa makisio, nawe utayatangaza kama bei. Muulize haya, na uandike majibu mbele yake:

1. Saratani iko hatua ya ngapi?
2. Matibabu haya yanalenga kuponya, au kupunguza makali na kurefusha maisha?
3. Yana vipande gani, na kipi kinaanza: upasuaji, dripu za kemo, mionzi au vidonge?
4. Dripu ni ngapi, na kila baada ya siku ngapi? Mionzi ni siku ngapi?
5. Kuna dawa ambayo hospitali haina na tutaambiwa tukanunue nje?
6. Kipimo gani bado hakijafanyika ambacho kinaweza kubadilisha mpango wote?

Swali la pili ndilo familia hulikwepa. Liulize. Mtu anayeuza shamba anastahili kujua anauza kwa ajili ya nini, na jibu lake linabadilisha kiasi, muda na hata namna ya kuandika ombi.

Swali la sita ndilo linalovunja bajeti nyingi za saratani ya matiti. Familia inachangisha pesa za dripu sita, kisha majibu ya HER2 yanakuja chanya. Hapo inaongezeka dawa ya trastuzumab, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki 3 kwa mwaka mzima, yaani dozi 17 au 18. Bajeti ya kwanza inakuwa karatasi tu, na wachangiaji wanahisi walidanganywa. Subiri majibu hayo kabla ya kutaja jumla.

Ukitoka kwa daktari, nenda ofisi ya uhasibu au dawati la huduma kwa wateja, uombe makadirio ya maandishi kwa kila kipande. Karatasi iwe na jina la mgonjwa, namba ya jalada, huduma, bei, tarehe na muhuri.

Umefanikiwa kama: unaweza kumweleza mtu kwa sentensi mbili matibabu yana vipande vingapi, kinachofuata ni kipi, lini na bei gani.

## Hatua ya 2: Maliza haki za mgonjwa kwanza

Kila shilingi unayopata hapa ni shilingi ambayo hutaiomba kwa watu. Hatua hii inachosha kwa foleni na barua, ndiyo maana wengi huiruka na kukimbilia simu.

### Bima

Mwenye kadi ya NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) aanzie ofisi ya bima iliyopo hospitalini. Si kila dawa ya saratani imo kwenye orodha yao, na baadhi ya dawa na vipimo huhitaji kibali kabla ya kutolewa. Uliza dawa kwa dawa, kwa majina yaliyoandikwa na daktari. Usiulize "saratani inalipiwa?", maana jibu la swali hilo litakuwa "ndiyo" kisha ukutane na bili ya dawa moja dirishani.

Mgonjwa akiwa mzazi asiye na bima, angalia kama ana mtoto aliyeajiriwa mwenye NHIF. Utaratibu wa waajiriwa umekuwa ukiruhusu mwanachama, mwenza wake na wategemezi 4, na wazazi ni miongoni mwa wanaoweza kuandikishwa. Nafasi ikiwa tupu, peleka nyaraka ofisi ya NHIF na uulize kadi itaanza kufanya kazi lini. Usiazime kadi ya ndugu anayefanana na mgonjwa. Ni udanganyifu, na jalada la matibabu linakuwa na jina la mtu mwingine, jambo litakalokwamisha kila hatua inayofuata.

CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii) iliundwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Itakusaidia kwenye vipimo vya mwanzo, lakini usiipange kama mlipaji wa mionzi ya Ocean Road.

### Ustawi wa jamii

Kila hospitali kubwa ya umma ina ofisi ya ustawi wa jamii. Hiyo ndiyo inayopima uwezo wa familia na kupendekeza msamaha wa gharama, wote au sehemu. Nenda na:

- barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, iliyopitia kwa mtendaji, inayoeleza hali ya kaya;
- ushahidi wa kuwa kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, kama kaya imo;
- makadirio ya gharama ya hatua ya 1;
- maelezo mafupi ya nani anamtegemea nani.

Nenda kabla ya bili kulimbikizwa. Ofisa anaweza kupendekeza msamaha wa huduma inayokuja kwa urahisi zaidi kuliko kufuta deni la miezi mitatu. Sema ukweli kuhusu mali. Akisikia kuna ng'ombe baada ya wewe kusema hakuna, ombi lako limekwisha na la ndugu yako wa kesho limetiwa doa.

Muulize pia kuhusu malazi ya wagonjwa wa mikoani na mashirika yanayosaidia nauli. Yeye ndiye anayejua yapi yanapokea maombi mwezi huu.

### Mtoto mwenye saratani

Mgonjwa akiwa mtoto, usianze kuchangisha kabla ya kuuliza kuhusu wodi ya saratani za watoto Muhimbili. Shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na hospitali hiyo kuwezesha watoto kutibiwa bila familia kulipia. Familia yako basi itabaki na nauli na matumizi ya mzazi anayemuuguza, kiasi ambacho ukoo unaweza kukibeba bila bango.

### Dawa za msaada

Kwa saratani ya damu aina ya CML, shirika la Max Foundation hutoa dawa bure kupitia madaktari wanaoshirikiana nayo. Ombi hupelekwa na daktari. Kwa dawa nyingine za gharama kubwa, muulize daktari au mfamasia swali moja: "Kuna mpango wa mtengenezaji wa kusaidia wagonjwa wa dawa hii?" Likijibiwa "hapana", umepoteza dakika moja.

### Kazini

Mwajiriwa wa sekta binafsi ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na inataka cheti cha daktari. Mgonjwa anayejiuzulu "ili apumzike" anaupoteza mshahara huo na pengine bima pamoja nao. Kabla hajaandika barua yoyote, aongee na ofisi ya rasilimali watu, chama cha wafanyakazi na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF. Kama ana mkopo wa benki au SACCOS, soma mkataba uone kama una bima inayolipa mkopaji akishindwa kufanya kazi.

Umefanikiwa kama: mbele ya kila kipande cha matibabu umeandika nani analipa: bima, msamaha, mwajiri au familia. Kilichobaki kwa familia ndicho utakachochangisha.

## Hatua ya 3: Andika bajeti ya vipande

Gharama inayosahaulika ni kuishi mjini. Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi anaweza kupangiwa mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Kwa familia inayotoka Kigoma au Songea, hiyo ni zaidi ya mwezi mzima Dar es Salaam kwa watu wawili. Ona hesabu hii. Bei ni za mfano, weka zako:

- Nauli ya basi, watu 2, kwenda na kurudi: 60,000 × 4 = 240,000
- Chumba: 15,000 × usiku 40 = 600,000
- Chakula, watu 2: 20,000 × siku 40 = 800,000
- Usafiri wa kwenda hospitali: 5,000 × siku 25 = 125,000
- Jumla: 1,765,000
- Akiba ya dharura, asilimia 15: 264,750
- Kiasi kamili: 2,029,750

Hapo hujalipa senti hospitalini. Ndiyo maana mgonjwa mwenye msamaha bado anaacha mionzi katikati: bili haikumshinda, alishindwa na chumba. Mashine nazo huharibika, na siku 25 zinaweza kuwa 32. Akiba ya dharura inabeba hizo siku, pamoja na homa inayohitaji kulazwa, au damu ikipungua na dripu kuahirishwa.

Kwa dripu za kemo, andika kila mzunguko peke yake. Mizunguko mingi huja kila baada ya siku 21. Ndani ya mzunguko mmoja weka: kipimo cha damu kabla ya dripu, dawa zenyewe, dawa za kichefuchefu, vifaa, nauli na chakula.

Kisha gawa bajeti katika awamu tatu au nne. Awamu ya kwanza iwe kiasi ambacho watu wako wanaweza kukifikisha ndani ya wiki mbili. Mtu akisikia milioni 20 huiona elfu kumi yake kama tone la maji, akaahirisha. Akisikia dripu ya pili ni tarehe 14 na pungufu ni laki moja na themanini, anatuma.

## Hatua ya 4: Mgonjwa aseme ndiyo

Taarifa za ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na hata bila sheria, hakuna aibu kubwa kama mama kujua kwamba picha ya kidonda chake imezunguka mkoa mzima.

Mkae naye mkubaliane: jina kamili au la ukoo tu? Picha ipi? Aina ya saratani itajwe? Nani asiambiwe? Wengine hukataa kabisa kutangazwa, hasa saratani ikiwa sehemu za siri. Bado unaweza kuchangisha kwa kuandika "matibabu ya saratani" na kuonyesha makadirio yenye muhuri huku jina limezibwa, kwa watu wanaoifahamu familia.

Picha nzuri ni ya mtu aliyevaa, anayetazama kamera, iliyopigwa kabla ya kuugua au siku aliyojisikia vizuri. Picha za kutisha huleta pesa za siku moja, halafu watu hulikimbia kundi.

## Hatua ya 5: Kamati ndogo na mfuko mmoja

Watu watatu wanatosha. Mwenyekiti anawasiliana na ukoo na kuamua. Mweka hazina anapokea na kulipa. Katibu anaandika daftari na kutoa taarifa. Mweka hazina asiwe yule anayelala hospitalini, kwa sababu huyo anachoka, anatumia za mfuko kununua uji na kusahau kuandika. Mpeni anayemuuguza mgonjwa posho ya wiki iliyo kwenye bajeti, asaini, basi.

Wapi pesa zikae?

- Akaunti ya benki yenye watia saini wawili ni salama kuliko zote, lakini kuifungua huchukua muda.
- M-Koba au huduma nyingine ya kikundi kwenye simu inafaa, kwa sababu kutoa pesa kunahitaji idhini ya viongozi wa kikundi na wanakikundi wanaona mienendo.
- Lipa namba yenye jina linaloeleweka ni rahisi kwa watumaji wengi wadogo.
- Laini ya mtu binafsi iwe ya mwisho. Ikibidi, iwe laini mpya, na jina linaloonekana mtu anapotuma lilingane na lililo kwenye ombi. Jina likitofautiana, watu wenye tahadhari hawatumi, na wako sahihi.

Hamisheni pesa kwenda benki kila wiki. Laini za simu zina kikomo cha salio, na simu ikiibiwa siku mfuko umejaa mtalala macho.

Kabla hamjapokea chochote, andikeni kanuni tatu na wote watatu mzisaini: kiasi gani mweka hazina anaweza kulipa bila kuuliza, kila malipo yawe na risiti, na pesa zikibaki, au mgonjwa akifariki, zitaenda wapi. Kanuni ya tatu inauma kuiandika, lakini inauma zaidi kuibishania msibani.

## Hatua ya 6: Andika ombi

Ombi liwe fupi na lijibu maswali matano: nani, anaumwa nini, anatibiwa wapi, kinachotakiwa sasa ni kiasi gani na lini, na pesa ziende wapi. Huu hapa mfano wa kujaza:

*Ndugu, jamaa na marafiki, salaam.*

*Mama yetu (jina), wa (mtaa/kijiji), anatibiwa saratani ya (aina) katika hospitali ya (jina). Amepangiwa dripu 6, kila baada ya siku 21. Ya kwanza amepata tarehe (…), familia imelipa.*

*Dripu ya pili ni tarehe (…). Gharama yake, vipimo na nauli ni Sh (…). Tuliyonayo ni Sh (…). Pungufu ni Sh (…).*

*Tunaomba mchango wako kupitia lipa namba (…), jina litakalotokea ni (…). Tafadhali hakiki jina kabla ya kutuma.*

*Mweka hazina: (jina, simu). Taarifa ya mapato na matumizi itatolewa kila Jumapili jioni. Makadirio ya hospitali yanapatikana kwa katibu: (jina, simu).*

*Asiye na pesa tunamwomba dua. Pia tunahitaji chumba cha kupanga karibu na hospitali na wachangia damu.*

Ona kwamba familia imetaja ilichotoa yenyewe. Ombi lisilo na mchango wa familia husomwa kama familia imekaa ikisubiri. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi: asiye na kitu mfukoni huenda ana binamu mwenye chumba Mbagala.

Usiandike "kiasi chochote". Taja ngazi: 5,000, 10,000, 50,000, nauli ya wiki, dripu nzima. Watu hutoa kwa kuangalia ngazi iliyo karibu na uwezo wao.

## Hatua ya 7: Peleka ombi kwa mpangilio

Anza ndani, utoke nje. Orodha yenye majina kumi yaliyokwisha kutoa humvuta wa kumi na moja. Orodha tupu haimvuti mtu.

Ukoo. Piga simu, usitume ujumbe. Wazee wapigiwe na mtu wa heshima yao, si kijana wa kundi. Chukua ahadi yenye tarehe, iandikwe, ikumbushwe mara moja kwa adabu siku mbili kabla.

Kazini, shuleni, chamani. Vikoba, SACCOS, wanafunzi waliomaliza pamoja, timu ya mpira, wapangaji wa soko. Kila kundi lipate mwakilishi wake anayekusanya na kuwasilisha kwa mkupuo. Kundi likitumwa na mmoja wao hutoa zaidi.

Msikitini na kanisani. Peleka barua kwa imamu, padre au mchungaji pamoja na nakala ya makadirio. Usisimame tu baada ya ibada. Kwa Waislamu, fukara, maskini na aliyezidiwa na deni wamo kwenye wanaostahili zaka, kwa hiyo barua ieleze hali hiyo waziwazi. Kwa Wakatoliki, pitia jumuiya ndogo ndogo kwanza. Parokia itauliza kama jumuiya inakufahamu.

Ndugu walio nje. GoFundMe, tovuti ya kuchangisha mtandaoni, haimruhusu mtu aliye Tanzania kufungua mchango na kupokelea pesa kwenye benki ya hapa. Inatakiwa ndugu aliye Marekani, Uingereza, Kanada au nchi nyingine inayohudumiwa afungue kwa jina lake, aeleze uhusiano wake na mgonjwa, na aweke makadirio. Marekani hukatwa asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango, hivyo dola 5 inapungua kuliko unavyodhani. Pesa zikifika kwake, azitume mfuko mkuu na picha za skrini za miamala ziingie kwenye taarifa ya Jumapili. Mifuko miwili isiyoonana ndiyo chanzo cha ugomvi kati ya ndugu wa hapa na wa nje.

Umma. Redio, kurasa kubwa za mitandao, mbunge, mkuu wa wilaya. Haya yaache kwa bili kubwa ambayo duru za mwanzo zimeshindwa, kama upasuaji au safari. Kabla ya kukusanya barabarani au sokoni, pata ruhusa ya serikali ya eneo husika kwa maandishi.

Kama daktari anapendekeza India, usianze na wakala aliyekupigia. Rufaa ya nje iandikwe na madaktari wa hapa, na uulize Wizara ya Afya utaratibu wake. Omba makadirio kutoka hospitali mbili za huko, na kwenye bajeti weka viza ya matibabu, viza ya msindikizaji, nyumba ya kupanga na safari ya pili ya kurudi kukaguliwa. Uliza pia swali rahisi: tiba hii haipo kabisa Tanzania, au ipo na foleni yake ni ndefu?

## Hatua ya 8: Lipa hospitali, si mtu

Hospitali za umma hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Lipa kwa simu au benki, na hakiki taasisi na kiasi kabla ya kuweka namba ya siri. Mchangiaji mkubwa asiyetaka kupitisha pesa kwenye kamati mpe namba hiyo alipe mwenyewe. Lakini ankara nyingine hukubali kiasi kamili tu na zina muda wa mwisho, kwa hiyo usiwagawie watu kumi namba moja kila mmoja alipe kidogo.

Usimpe mtumishi pesa mkononi kwa ahadi ya kuwahishwa. Hakuna risiti, na msipopata huduma hamna pa kulalamika.

Mkiambiwa dawa imeisha, mwombe mfamasia wa hospitali jina halisi la dawa, kipimo na idadi ya chupa, na umuulize aina gani wanazikubali. Nunua duka la dawa lenye kibali, dai risiti, angalia tarehe ya mwisho na namba ya toleo. Baadhi ya dawa za kemo huhitaji ubaridi safari nzima. Dawa iliyokaa juani kwenye basi inaweza kukataliwa, na hela imekwenda.

Kila Jumapili katibu atume taarifa hii, hata kama hakuna kilichoingia:

*Salio lililopita. Kilichoingia wiki hii. Kilichotoka, na kwa nini. Salio la sasa. Tarehe na bili inayofuata. Hali ya mgonjwa kwa sentensi moja.*

Weka picha ya risiti, ziba namba ya jalada. Kundi la michango liwe la viongozi tu kuandika. Pole na mabishano yaende kundi lingine, la sivyo taarifa itazama chini ya maua na "amina" mia mbili.

## Wezi watakaokuja

Watakuja, kila ombi la hadharani huwavuta.

- Bango lililobadilishwa namba. Wanachukua picha yenu na kuweka simu yao. Tafuteni jina la mgonjwa mitandaoni kila siku chache, na mwandike kila mara jina la mpokeaji.
- "Nimetuma kimakosa, nirudishie." Mweka hazina asiamini ujumbe. Aangalie salio, na marejesho yapitie kampuni ya simu.
- "Taasisi ya ufadhili" inayotaka ada. Msaada wa kweli hauombi pesa za fomu, usajili wala kodi ya kutolea.
- Mganga wa mitandaoni anayeahidi kuponya kwa siku 21 kwa bei ya dripu mbili. Pesa zilizochangwa kwa bili ya hospitali zisiende huko. Dawa yoyote ya asili anayotumia mgonjwa, daktari ajulishwe, kwa kuwa nyingine hugongana na kemo.

## Mambo yakibadilika

Pesa hazikutosha na tarehe imekaribia. Usimfiche daktari. Mwambie wiki moja kabla. Anaweza kubadilisha dawa kwa ya bei nafuu yenye matokeo yanayokubalika, au ustawi wa jamii ukalipitia upya ombi lenu. Kuacha dripu kimyakimya na kurudi baada ya miezi miwili hugharimu zaidi, kwa sababu vipimo huanza upya na ugonjwa huwa umesogea.

Daktari anasema hakuna tena tiba ya kuponya. Simamisha ombi la zamani siku hiyohiyo na uwaambie wachangiaji kwamba mpango umebadilika. Omba kuunganishwa na huduma ya tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso. Mofini ya maji, vifaa vya kusafisha kidonda, godoro zuri na nauli ya muuguzi wa kutembelea nyumbani ni bajeti ndogo kuliko ya kemo, na ndiyo inayomfanya mgonjwa alale usiku. Kuendelea kuchangisha kwa "matibabu ya India" huku familia inajua ukweli ni kuwadanganya watu wako.

Matibabu yamekamilika. Tangazeni mwisho wa mchango na fungeni lipa namba. Lakini msigawane salio siku hiyo. Katika miaka miwili ya kwanza, wagonjwa wengi huitwa kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na kila safari ina nauli, kipimo cha damu na pengine picha. Tenga za mahudhurio manne, zibaki benki kwa watia saini walewale, na risiti ziendelee kuingia kwenye daftari lilelile.